Njia za Pesa na Njia za Wezi



Katika jarida hili tumezoea kuandika historia yetu: vita, kuvuka ziwa, maisha ya kambi, kurudi na kuanza upya. Safari hii tunaandika historia ya pesa, namna ilivyosafiri kati ya watu waliotengana, na namna mwizi alivyoifuata kila ilipopata njia mpya. Juu ya nini? Juu kuna jambo limetufikia. Wafadhili wawili walioko ng'ambo walituuliza kama ni kweli chama kinaomba mchango wa haraka kwa ajili ya jamaa zilizokimbia, utumwe kwa namba fulani ya simu. Ujumbe waliopata ulikuwa na jina la chama na hata picha ya mkutano wetu mkuu. Namba haikuwa yetu. Wale wawili waliuliza kwanza, kwa hiyo hawakupoteza kitu. Lakini mama mmoja, mwanachama wetu, hakupata nafasi ya kuuliza, na mtaji wake wote wa ndagala ulikwenda kwa dakika chache. Habari yake tutaieleza mbele.

Tunachotaka kuonyesha ni hiki. Njia ya pesa imebadilika mara nyingi, lakini ujanja wa mwizi ni uleule: anaazima jina la mtu unayemwamini, anakutia haraka, na anakuzuia usiongee na mtu mwingine. Na kinga nayo ni ileile. Wazee wetu waliijua kabla simu haijafika.

Pesa ya mkononi

Katika karne ya 19, sokoni Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, watu walinunua na kuuza kwa shanga zilizoitwa sofi, zikitungwa kwenye uzi na kuhesabiwa. Kule Katanga, tangu zamani zaidi, kulikuwa na misalaba midogo ya shaba. Pesa ya namna ile ulikuwa unaishika. Mwizi aliyeitaka alipaswa kuja mwenyewe, kwa miguu yake.

Shida ilikuwa kuipeleka mbali. Fasi hakuna posta wala benki, pesa ilipelekwa na mtu. Tuliokua kando ya ziwa tunakumbuka desturi yenyewe. Aliyetuma alihesabu mbele ya mtu wa tatu. Halafu alituma neno kwa msafiri mwingine kabisa, akisema: nimempa fulani kiasi fulani, mwulizeni akifika. Kwa hiyo pesa ilipita kwa mkono mmoja na habari yake ilipita kwa mdomo mwingine. Ili kudanganya, ilibidi watu wawili wapatane, na hilo lilikuwa gumu. Tunaomba mshike desturi hii ya midomo miwili, maana tutaitumia tena hapa mbele.

Jina la kuazima

Barua ilileta ujanja mpya, maana barua inafika bila mwenyewe. Kule Ufaransa, Vidocq, mtu aliyekuwa mfungwa kisha akawa mkuu wa polisi wa upelelezi mjini Paris, alieleza katika karne ya 19 juu ya barua zilizoitwa "barua za Yerusalemu". Ziliandikwa na wafungwa kutoka gerezani. Mwandishi alijidai kuwa mtumishi wa tajiri aliyekimbia mapinduzi ya 1789. Alisema tajiri yule alifukia mali fasi fulani, na kwamba yeye anaijua ile fasi, ila anahitaji pesa kidogo kwanza ili atoke. Usimwambie mtu, ni siri yetu wawili. Aliyetuma hiyo pesa kidogo aliombwa nyingine, na nyingine. Baadaye barua za namna hii zilienea nchi nyingi kwa hadithi ya mfungwa wa Hispania.

Angalieni vile ilivyojengwa: jina kubwa, shida ya haraka, siri. Hakuna kilichoongezwa tangu wakati ule isipokuwa mwendo.

Mwendo wenyewe uliongezeka mwaka 1871, wakati kampuni ya Western Union ya Marekani ilipoanza kutuma pesa kwa waya wa telegrafu. Pesa iliweza kufika mji wa mbali kabla ya mtu yeyote kupanda gari la moshi. Ilikuwa msaada mkubwa kwa jamaa zilizotengana, na mpaka leo wengi wetu tumekula kwa njia hiyo. Lakini pesa inayofika upesi inaondoka upesi pia. Januari 2017 kampuni hiyohiyo ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kulipa dola milioni 586, juu ilishindwa kuzuia matapeli waliopitisha pesa za watu kwa baadhi ya mawakala wake. Tunataja jambo hili ili mtu asidhani kwamba kudanganywa ni shida ya wajinga au ya maskini wa Afrika peke yao. Waliodanganywa walikuwa pia Wamarekani wenye kusoma.

Zaire, na somo la 1991

Sisi Wakongomani tuko na sababu zetu za kuogopa benki. Zaire, ile pesa iliyoanza 1967, ilitutesa. Siku za Krismasi ya 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifai tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwenye akiba yake kijijini, mbali na benki, aliamka akiwa na karatasi. Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa walikataa noti mpya ya zaire milioni 5. Wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo waliasi, na mji ukaporwa. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Ndiyo maana mpaka leo mama wa sokoni anaweka dola chini ya godoro.

Mtu asiyeamini benki anatafuta kuamini watu, na hapo ndipo alipotokea Bindo. Kule Kinshasa, mwaka 1990 mpaka 1991, ofisi iliyoitwa Bindo Promotion, pamoja na nyingine zilizoiga, iliwaambia watu walete pesa na baada ya muda mfupi watarudishiwa nyingi mara kadhaa. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa pesa ya wale waliokuja nyuma yao. Kila aliyelipwa akawa shahidi, akawavuta ndugu na majirani. Watu waliuza vyombo vya nyumbani ili wasikose. Mwaka 1991 jambo lote likaanguka, na wa mwisho wakabaki na karatasi. Leo mchezo huohuo unakuja kwa makundi ya WhatsApp. Umebadilishwa jina tu, unaitwa sarafu za mtandao au kazi ya kubonyeza video, na bado wa kwanza wanalipwa ili wawavute wengine.

Lakini mwaka uleule wa 1991, kule Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na akina mama vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mfano ule ulienea Afrika yote, na kwetu tunauita AVEC. Nyote mnalijua sanduku lake. Liko na kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti. Linafunguliwa mbele ya kikundi chote, na pesa inahesabiwa kwa sauti. Bindo aliomba imani tupu. Sanduku haliombi umwamini mtu mmoja, linaomba watatu wawepo pamoja.

Kambini na kurudi

Mwaka 1996 vita vilitutoa. Wengi wetu tulifikia Nyarugusu, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka ule, na wengine Lugufu, mwaka uliofuata. Habari za jamaa zilikuja kwa barua za Msalaba Mwekundu. Zilikuwa wazi, bila kufungwa bahasha, habari za familia tu. Hakuna aliyeweza kuzitumia kutafuta pesa, juu kila mkono uliozipitisha uliweza kuzisoma.

Lakini kambi ilizaa soko lingine la uongo, soko la safari. Kila mkimbizi alisikia kwamba kuna mtu anayejua mtu, na kwamba ukitoa pesa jina lako litaingia kwenye orodha ya kwenda Marekani au Kanada. Haya hayakuwa maneno ya mtaani tu. Mwaka 2001 kule Nairobi walikamatwa watu, wakiwemo wafanyakazi wa UNHCR wenyewe, kwa kuwatoza wakimbizi pesa ili wapate nafasi ya kuhamia nchi za mbali. Tangu hapo UNHCR imerudia mara nyingi: huduma zake zote ni za bure. Mwenye kuomba pesa ya fomu, ya picha, ya daktari au ya "kusukuma faili" ni mwizi, hata akiwa na kadi shingoni. Tunalirudia hapa juu wengi wetu bado tuko na ndugu kule Nyarugusu, na sasa wanaombwa pesa hiyo kwa simu.

Wakati huohuo barua ya mfungwa ilikuwa imerudi kwa nguo mpya. Nigeria iliipa jina la 419, kufuatana na kifungu cha sheria ya makosa kinachoikataza. Kwanza ilikwenda kwa posta na faksi, halafu kwa barua pepe. Na jina lililoazimwa mara nyingi lilikuwa la kwetu. Baada ya Mobutu kufa nchini Moroko, Septemba 1997, watu wa Ulaya na Marekani walipata barua pepe zilizojidai kutoka kwa mjane wake au mtoto wake, anayetafuta mtu mwaminifu wa kumsaidia kutoa mamilioni yaliyofichwa. Msiba wetu ulifanywa chambo. Wale wawili walioandikiwa kwa jina la chama waliombwa vilevile kwa msiba wetu wa leo.

Oktoba 2005 meli za kwanza za kurudi zilitoka Kigoma kuja Baraka. Lugufu ikafungwa 2009. Tulikuta nchi bila barabara na bila benki, lakini foni ilikuwepo, ile redio ya kuzungumza kutoka mji hadi mji. Ulilipa pesa kwa ofisi ya Bukavu au Uvira, mtu wa foni akamtajia mwenzake wa mji mwingine jina, kiasi na neno la siri, na ndugu yako akapokea. Ila kila mwenye redio kwenye masafa yale aliweza kusikia. Kwa hiyo wenye busara walikubaliana tangu nyumbani swali ambalo jibu lake halitajwi hewani: jina la bibi, mti uliokuwa mbele ya nyumba ya zamani. Desturi ile ya midomo miwili ikaingia mpaka kwenye redio.

Simu

Machi 2007 M-Pesa ilianza nchini Kenya, na 2008 nchini Tanzania. Kwetu Benki Kuu ilitoa kanuni za pesa ya simu Novemba 2011, na mwaka 2012 kampuni za simu zikaanza huduma hiyo, kwa franka na kwa dola. Kabini za kando ya njia zikawa benki zetu. Tangu mwanzo wa 2025, milango ya mabenki ilipofungwa Goma na Bukavu, wengi hawakubaki na njia nyingine ila simu.

Ndugu walioko Tanzania wanaujua vizuri ujumbe mmoja: "Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Aliyeuandika hakujui. Anautuma kwa maelfu ya namba, akitumaini kwamba kati yao kuna mtu aliyekuwa kweli anajiandaa kutuma pesa, ya ada ya shule au ya mwenye nyumba. Mtu huyo anadhani ni yule anayemdai, anatuma. Serikali ya Tanzania iliandikisha laini zote kwa alama za vidole, kazi iliyoanza 2019 na kufungwa Januari 2020, lakini ujumbe ule haukuisha. Walioko kule wanaweza kupeleka taarifa ya namba ya tapeli kwa 15040, na kwa *106# kuangalia ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chao.

Ya pili ni "nimekosea". Unapata ujumbe kwamba umepokea dola 50. Dakika moja baadaye mtu analia kwenye simu: "Mama, nisamehe, ile pesa ni ya dawa ya mtoto, unirudishie." Ujumbe wa kwanza haukutoka kwa kampuni, aliuandika yeye. Ukirudisha, unatoa pesa yako mwenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyompata mama yetu wa ndagala. Alikuwa sokoni, wateja wamemzunguka. Sauti ya kijana mwenye adabu ikamwambia: "Mama, jambo. Sisi ni wa kampuni ya simu. Akaunti yako inafungwa leo juu haijaandikishwa upya. Usikate simu, tutakusaidia." Akaombwa asome namba iliyoingia kwa ujumbe, akaisoma. Akaombwa namba yake ya siri, akaitaja. "Nilimwita mwanangu," alituambia. "Alizungumza sawa mtoto wa watu." Ile namba ya ujumbe ilikuwa ufunguo wa kuhamishia akaunti kwenye simu nyingine, na mama aliitoa yeye mwenyewe bila kujua. Jina liliazimwa la kampuni, haraka ilikuwa "leo", na siri ilikuwa "usikate simu". Kama angekata na kumwuliza mwenye meza ya pili, mtaji ungekuwepo.

Upande wa wafadhili na ndugu walioko Ulaya na Marekani, mwizi anakuja kwa ukurasa wa mtandao uliofanana na wa kweli, au kwa WhatsApp ya ndugu iliyotekwa, akiomba kadi za zawadi za duka. Jueni tofauti moja. Kule Marekani sheria inasema mwenye kadi ya mkopo iliyotumiwa bila ruhusa hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Lakini kadi ya zawadi, au pesa uliyotuma mwenyewe kwa mtu, ikishachukuliwa ni vigumu sana kuirudisha.

Yale ya kufanya

Kwanza, kata simu. Kampuni ya kweli haitakasirika. Halafu piga mwenyewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyokuja na ujumbe. Huo ndio mdomo wa pili.

Pili, namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, wala mfanyakazi wa kampuni, wala mwenye kabini, wala mtoto wa nyumbani. Namba inayokuja kwa ujumbe haisomwi kwa mtu. Na kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Ukiombwa namba ya siri "ili upokee", ujue unatoa.

Tatu, usiamini ujumbe, amini salio. Kabla ya kurudisha pesa ya mtu aliyekosea, angalia salio lako. Kama imeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni yake, wao wairudishe.

Nne, laini iandikishwe kwa jina lako. Laini iliyoandikishwa kwa jina la aliyekuuzia ni vigumu kuidai ikitekwa. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, nenda kwa ofisi ya kampuni siku hiyohiyo.

Tano, jamaa moja, swali moja. Kubalianeni leo na watoto walioko mbali swali la familia, sawa vile tulivyofanya wakati wa foni. Akiomba pesa kwa maandishi, mwulize. Siku hizi hata sauti inaigwa na mashine.

Sita, kwa wanaolipa kwa kadi: andika mwenyewe anwani ya ukurasa, usibonyeze iliyotumwa. Alama ya kufuli inaonyesha tu kwamba njia imefungwa, haionyeshi ni nani anayekaa upande wa pili.

Saba, ukiibiwa, usifute ujumbe. Andika saa, namba na kiasi, nenda kwa kampuni mara moja ili waizuie pesa kama haijatolewa, kisha kwa polisi au parke. Tangu 13 Machi 2023 nchi yetu iko na sheria ya mambo ya kidijitali, na utapeli wa mtandaoni ni kosa ndani yake.

Kanuni za chama

Kutokana na yaliyotupata, mkutano umekubali haya. Namba za kupokelea michango zinachapwa ukurasa wa mwisho wa jarida hili, na hazibadilishwi kwa WhatsApp. Zikibadilika, itatangazwa mkutanoni na kuchapwa hapa. Chama hakiombi mchango wa haraka kwa ujumbe wa faragha, hata kukiwa na wakimbizi barabarani. Mfadhili akipata ujumbe kama huo, ampigie mwenyekiti au mweka hazina kwa namba aliyokuwa nayo, hata usiku. Kila pesa inayoingia inatolewa mbele ya watatu, sawa vile sanduku letu, na kusomwa kwa sauti mkutano unaofuata.

Mama wa ndagala amepewa mkopo wa kuanzia tena, bila faida. Ni yeye aliyeomba habari yake iandikwe, jina lisitajwe. Tangu alipoongea, wengine watatu wamejitokeza kusema nao waliibiwa vilevile na walinyamaza kwa aibu. Wakati walipokuwa wakinyamaza, mwizi aliendelea kupiga simu kwa majirani zao. Kwa hiyo tunaomba: ukipigiwa simu ya namna hiyo, hata kama hukupoteza kitu, sema kanisani, sema msikitini, sema kwenye AVEC, na utuletee namba ile tuiandike.